Msafiri Arejeapo Kwao: Hamu ya Kurudi Manyema Miongoni mwa Wasafiri wa Pwani katika Karne ya 19

1. Utangulizi

Methali za Kiswahili zinazohusu safari zina mwelekeo mmoja: zinamrudisha mtu alikotoka. "Aendaye tezi na omo, marejeo ni ngamani," wasema mabaharia. Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo na omo ni ya mbele, nayo ngama ni pale chini penye kukusanyika maji ya kufuliwa. Baharia aweza kuzunguka chomboni apendavyo, lakini kazi itamrudisha ngamani. "Mwenda kwao si mtumwa," yasema methali ya pili, yaani anayerejea kwa watu wake hapaswi kulaumiwa wala kuzuiliwa. Na ya tatu yaongeza: "Msafiri maskini, ajapokuwa sultani." Ugenini hata mwenye enzi ni mhitaji.

Methali hizi zinamfikisha msafiri nyumbani na kumwacha hapo. Hazisemi lolote juu ya siku ya arobaini baada ya kufika, wakati wageni wa kumpa mkono wa heri wamekwisha kuondoka, zawadi zimekwisha kugawanywa, na msafiri ameketi barazani akihesabu siku za kuondoka tena. Hata hivyo watu wa namna hiyo ni wengi katika historia ya uhusiano baina ya pwani ya Afrika ya Mashariki na nchi iliyo leo Kongo. Walirudi Unguja, wakakaa kitambo, kisha wakashika tena njia ya Manyema.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo hilo: hamu ya msafiri aliyerudi kwao ya kurejea tena ugenini. Mifano inatoka katika misafara ya karne ya 19, kwa sababu habari zake zimehifadhiwa, na baadhi yake zimehifadhiwa kwa Kiswahili chenyewe. Jambo hili si dogo kwa msomaji wa Kongo. Lau kila msafiri wa pwani angalirudi Unguja na kutulia, Kiswahili kisingalikita mizizi Kasongo, Nyangwe na Kisangani kama kilivyokita. Na majeraha yaliyoletwa na misafara ile yangalikuwa machache zaidi.

2. Maana ya neno "kwao"

Kabla ya kuingia katika historia, yafaa kuyatazama maneno yenyewe. Kiswahili kina njia mbili za kutaja mahali pa marejeo. Ya kwanza ni "nyumbani": nomino "nyumba" pamoja na kiambishi cha mahali "-ni". Hapa kinachotajwa ni jengo. Ya pili ni "kwetu", "kwenu", "kwao": kiambishi cha mahali "ku-" pamoja na shina la kumiliki. Ndani ya neno hili hamna nyumba, hamna kijiji, hamna nchi. Mnatajwa watu tu. "Kwao" ni mahali popote palipo watu wake.

Tofauti hii ina matokeo makubwa. Mtu aweza kuwa na nyumba moja tu, lakini akiwa na watu wake pande mbili, huyo ana "kwao" mbili, wala lugha haioni kosa. Mjini Lubumbashi, kijana aliyezaliwa mtaani akiulizwa "kwenu ni wapi?" aweza kujibu kwa kutaja kijiji cha baba yake ambacho hajakitia machoni. Jibu lake ni sahihi, kwa kuwa ameulizwa juu ya watu, hakuulizwa juu ya makazi.

Kitenzi "kurudi" nacho hakichagui upande. "Amerudi Unguja" na "amerudi Manyema" ni sentensi zenye uzito ule ule. Mwenye kufanya safari ya kwenda na kuja mara nyingi hufika mahali ambapo kila kuondoka kwake ni kurudi.

Neno "hamu" pia lastahili kuangaliwa. Asili yake ni Kiarabu, ambako huchukua maana ya wasiwasi na huzuni. Katika Kiswahili limepata maana ya kutamani kwa nguvu kitu kisichopo. Mwenye hamu ana kitu alichokizoea kisha akakikosa, na kwa hiyo hamu hutofautiana na tamaa, ambayo yaweza kuelekea hata kwa kitu ambacho mtu hajakionja. Kwa sababu hiyo anayeondoka kwao mara ya kwanza huongozwa na tamaa au haja. Anayeondoka mara ya pili huongozwa na hamu pia.

3. Mfano wa Hamed bin Muhammed

Msafiri aliyeacha habari ndefu zaidi ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip. Alizaliwa Unguja kabla ya mwaka 1840. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyi biashara mwenye makao Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, na huko alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Hamed, aliyezaliwa na mama mwingine, alikulia Unguja. Basi tangu utoto alijua kwamba nyumba ya baba haikuwa mahali pamoja: palikuwa na watu wao pwani, na palikuwa na watu wao bara.

Akiwa kijana alianza kwa safari fupi, kisha akamfuata baba yake bara. Mwaka 1867 alimshinda Nsama, mtawala wa Itabwa, akapata pembe nyingi za ndovu. Mwaka huo huo alikutana na David Livingstone. Baada ya safari hiyo alirudi Unguja. Hakukaa sana. Mnamo mwaka 1870 aliondoka tena, na safari hii ilichukua miaka kama 12. Alivuka mpaka nchi ya Utetera, akashika madaraka huko, akakutana na Cameron huko Nyangwe mwaka 1874, kisha akaweka makao yake Kasongo. Mwaka 1876 alimsindikiza Henry Morton Stanley sehemu ya njia ya kuteremkia mto Lualaba. Unguja hakuiona tena hadi mwishoni mwa mwaka 1882.

Hapo ndipo jambo linapodhihirika. Mtu aliyekaa mbali na mji wake miaka 12, aliyerudi na utajiri na sifa, angeweza kununua mashamba ya karafuu na kupumzika. Mwaka 1883, kabla ya mwaka kwisha tangu afike, alikuwa njiani tena kuelekea Manyema. Alirudi Unguja mara nyingine mwaka 1886. Februari 1887 alipatana na Stanley, akakubali kuwa liwali wa maporomoko ya Stanley, ambayo leo huitwa Boyoma, karibu na Kisangani, kwa niaba ya dola ya mfalme Leopold. Akapanda meli iitwayo Madura, akazunguka rasi ya kusini mwa Afrika, akashukia Banana kwenye mlango wa mto Kongo mwezi wa Machi. Alirudi Manyema kwa njia ya magharibi, akipanda mto uleule ambao zaidi ya miaka 10 kabla yake alikuwa ameuteremkia kutoka mashariki.

Maisha yake aliyaandika kwa Kiswahili katika uzee wake, kwa herufi za Kiarabu. Heinrich Brode aliyahamishia katika herufi za Kilatini na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Katika kitabu hicho msomaji atafutaye maneno ya huzuni au ya hamu hatapata mengi. Mwandishi ahesabu frasila za pembe, ataja majina ya watawala, aeleza mapigano na mapatano. Hamu yake haimo katika maneno; imo katika matendo, yaani katika ule muda mfupi wa kukaa na ule muda mrefu wa kutokuwapo. Msomaji wa habari za safari za Kiswahili hana budi kusoma kwa namna hiyo. Adabu ya usimulizi wa zamani haikumruhusu mtu mzima kuanika moyo wake mbele ya watu, ila ilimruhusu kuhesabu miezi.

4. Sababu za kutotulia

Kwa nini msafiri hakutulia? Sababu nne zaweza kutajwa, nazo zilifungamana.

Ya kwanza ni deni. Biashara ya misafara iliendeshwa kwa mkopo. Wafanyi biashara wa Kihindi wa Unguja, na mashuhuri miongoni mwao ni Taria Topan, walitoa nguo, shanga na bunduki kwa mwenye msafara, naye aliahidi kulipa kwa pembe. Aliporudi alilipa deni la kwanza, na mara nyingi alichukua la pili. Zaidi ya hayo, mali ya bara haikuweza kuletwa yote kwa mara moja, kwa kuwa kila pembe ilihitaji bega la kuichukua. Msafiri aliyefika Unguja alikuwa ameacha sehemu ya mali yake nyuma, na mali isiyoonekana haimpi mwenyewe usingizi.

Ya pili ni daraja. Katika Utetera Tippu Tip alipokewa kama mtawala. Alijitambulisha kwa mtawala Kasongo Rushie kuwa ni wa ukoo wake, akidai kwamba bibi yake alikuwa dada wa mtawala huyo aliyechukuliwa mateka zamani. Na kwa dai hilo alipewa nchi. Kufika kwake Unguja kulimgeuza kuwa raia wa Seyyid Barghash, mtu mashuhuri lakini mmoja miongoni mwa wengi, mwenye kungoja ruhusa kabla ya kuingia na kusema. Methali isemayo kwamba msafiri ni maskini ajapokuwa sultani ilikuwa imepinduka: ugenini alikuwa sultani, kwao alikuwa mtu wa kungoja.

Ya tatu ni watu. Mwanawe Sefu alishika mamlaka Kasongo. Bwana Nzige, ndugu yake, na Rashid, mtoto wa ndugu huyo, walikuwa upande wa maporomoko. Kwa kanuni ya lugha iliyoelezwa hapo juu, Manyema ilikuwa "kwao" kwa maana kamili ya neno. Aliyemwita arudi alikuwa mwana wake na ndugu yake.

Ya nne ni mazoea. "Mazoea yana taabu," wasema Waswahili. Maisha ya msafara yalikuwa na taratibu zake: kuamka alfajiri kwa ngoma, kutembea kabla ya jua kuwa kali, kupiga kambi, kugawa posho, kupatana juu ya hongo na watawala wa njiani. Kutoka pwani hadi Tabora peke yake palikuwa na mwendo wa miezi 3 hivi. Mtu aliyepitisha ujana wake wote katika taratibu hizo hukuta siku za mjini hazina mpaka: hapana kambi ya kufikia jioni. Hali hiyo si ya kupenda taabu. Ni hali ya mtu ambaye kipimo chake cha siku kimebaki mahali pengine.

5. Wapagazi na mabaharia wa nchi kavu

Yaweza kudhaniwa kwamba hamu hii ilikuwa ya matajiri tu, wenye pembe na vyeo. Habari za wapagazi zinaonyesha vingine. Mwezi wa Agosti 1877 msafara wa Stanley uliingia Boma ukiwa na watu waliokonda kwa njaa. Wengi wa wale walioondoka pwani ya mashariki mwaka 1874 walikuwa wamekufa au wametoroka. Waliobaki walirudishwa kwa meli kupitia Cape Town, wakafika Unguja mwezi wa Novemba. Hata miaka miwili haikutimia. Mwaka 1879 Stanley alipokuja tena kutafuta watu wa kufanya kazi Kongo, baadhi ya watu hao hao walijiandikisha.

Mshahara ulikuwa na sehemu yake, kwa kuwa mpagazi hupewa malipo ya miezi kadhaa kabla ya kuondoka. Lakini mshahara peke yake hautoshi kueleza, maana wengi walikuwa watumwa wa watu, na sehemu ya malipo yao iliingia mifukoni mwa mabwana. Njiani mtu huyo aliitwa kwa jina lake, alibeba bunduki, alijihesabu Mungwana. Mjini alirudi kuwa mali ya fulani. Kwake yeye kuondoka kulikuwa na ladha ya uhuru, na kurudi kulikuwa na uchungu ambao tajiri hakuujua. Methali "mwenda kwao si mtumwa" ilimwendea kinyume.

Abdullah Susi ni mfano mwema wa msafiri wa tabaka hilo, ingawa yeye alikuwa mtu huru. Alizaliwa Shupanga kando ya mto Zambezi. Yeye na Chuma ndio waliokuwa mbele miongoni mwa wale waliouchukua mwili wa Livingstone mpaka pwani mwaka 1873 na 1874. Wote wawili walipelekwa Uingereza mwaka 1874, wakasaidia katika kuandaa shajara za mwisho za bwana wao, kisha wakarudi Unguja. Chuma aliongoza misafara mingine mpaka alipofariki mwaka 1882. Susi aliingia Kongo mwaka 1879 pamoja na Stanley, akiwa mkubwa wa watu wa Unguja, na alikuwa katika kazi iliyofikisha kuanzishwa kwa kituo cha Leopoldville, mwanzo wa jiji la Kinshasa. Alifariki Unguja mwaka 1891. Huyu alikuwa ameiona Ulaya na kurudi. Hakwenda kukaa Shupanga alikozaliwa. Watu wake walikuwa watu wa njiani, na alipokwenda kwao aliwafuata hao.

Vijana wa Kinyamwezi nao walikuwa na desturi iliyo karibu na hiyo. Safari ya pwani ilikuwa alama ya utu uzima, na aliyeifanya mara moja aliifanya tena, kila mwaka akingoja majira ya kiangazi. Safari kwao haikuwa tukio la kukatiza maisha, bali sehemu ya mwaka, kama kulima na kuvuna.

6. Waliokosa marejeo

Maelezo ya hamu ya msafiri hayatakamilika, wala hayatakuwa ya haki, bila ya kuwataja wale ambao njia ileile iliwachukua bila hiari yao. Pembe zilizowarudisha wafanyi biashara Manyema zilipatikana kwa biashara, na pia kwa vita, kwa kuchoma vijiji na kwa kuteka watu. Maelfu ya wanawake, wanaume na watoto wa Manyema walipelekwa mashariki. Hao pia walikuwa na hamu ya kurudi, nao "kwao" yao ilikuwa moja tu. Lakini mkopo haukuwapo wa kuwarudisha, wala meli ya kuwazungusha kwa njia ya magharibi.

Wengi walibaki Ujiji, Tabora, Bagamoyo na Unguja, na baadaye uzao wao ukafika Dar es Salaam. Walijenga jamaa mpya kwa jina la nchi waliyoipoteza, wakajiita Wamanyema, ingawa hapo kale walitoka katika makabila na lugha mbalimbali. Ndivyo watu wanavyofanya wanapokosa marejeo: jina la mahali huchukua nafasi ya mahali penyewe. Mzani wa haki unamtaka mtafiti aweke hamu mbili hizi pamoja. Kila mara mwenye msafara alipotimiza hamu yake ya kurudi Manyema, alizalisha kwa wengine hamu isiyotimizika.

Upande wa Kongo, safari hizi za kurudiwarudiwa ziliacha alama zilizodumu. Mpunga ulianza kulimwa sana sehemu za Kasongo na Nyangwe. Uislamu uliingia na kubaki. Kiswahili cha Wangwana, kilichoitwa Kingwana, kilichukuliwa na watu ambao hawakuiona bahari, kikawa chao. Leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba cha Kasai. Lugha haienezwi na mpita njia; huenezwa na mwenye kurudi, na zaidi na mwenye kubaki.

7. Mwisho wa safari

Tippu Tip aliondoka maporomoko mwaka 1890, akaingia Unguja mwaka 1891, akiwa ameitwa kwa ajili ya kesi iliyofunguliwa na Stanley. Safari hii mlango ulifungwa nyuma yake. Vita baina ya dola ya Leopold na watu wa pwani viliwaka mwaka 1892. Nyangwe ilianguka mwezi wa Machi 1893, Kasongo mwezi wa Aprili, na Sefu alikufa katika vita hivyo. Manyema ya Hamed bin Muhammed haikuwapo tena, na watu waliomfanya aiite kwao walikuwa wameuawa au wametawanyika.

Aliishi Unguja hadi Juni 1905, mwenye nyumba na mashamba. Kwa hesabu ya methali, baharia alikuwa amerejea ngamani. Lakini kazi aliyoifanya katika miaka hiyo ni kuandika, na kurasa alizoandika zina bara zaidi kuliko zilivyo na Unguja. Njia aliyozuiwa kuipita kwa miguu aliipita kwa kalamu, kituo baada ya kituo, akiwataja watu kwa majina yao.

Mifano hii inafundisha kwamba hamu ya kurejea ugenini si dalili ya utovu wa shukrani, wala si dharau kwa wazazi, kama inavyodhaniwa pengine juu ya mwanafunzi aliyerudi kutoka ng'ambo akaonekana mnyonge miongoni mwa nduguze. Ni matokeo ya kuwa na watu, kazi na vipimo vya siku mahali zaidi ya pamoja. Anayetaka kumwelewa mtu wa namna hiyo asimwulize kwa nini hatulii. Na amwulize amemwacha nani huko, ana deni gani, alikuwa anaitwaje, na siku yake ilikuwa ikianza saa ngapi. Majibu ya maswali hayo manne yatamwonyesha "kwao" ya pili iko wapi. Na swali la tano, ambalo wafanyi biashara wa pwani hawakuulizwa kwa wakati wake, ni hili: kurudi kwako huko kunamgharimu nani?